Maswali ya Wasomaji: Mapenzi ya Filamu za The Lord of the Rings

SWALI

Ndugu Mjibu Maswali, mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Nilizitazama filamu tatu za The Lord of the Rings kwa mara ya kwanza nikiwa chuoni, na tangu wakati huo kila likizo ya Desemba huzirudia zote, kuanzia Wahobiti, wale watu wafupi, wanapoondoka kijijini kwao hadi pete ya uovu inapotumbukia katika moto wa mlima. Nimejifunza kuandika kwa herufi za Waelfi, na sebuleni nimetundika ramani ya Middle-earth, dunia ya hadithi hiyo. Mume wangu si mkali, lakini huniuliza mtu mzima anapata nini katika hadithi ambayo mwisho wake ameshaujua, na mawifi zangu husema wazi kuwa huu ni utoto. Sitafuti kushinda ubishi. Nataka kujua kama ndani ya filamu hizi kuna kitu kinachostahili mapenzi haya, au kama nimeshikwa na mazoea tu.

*Mwalimu, Morogoro*

JIBU

Mwalimu, swali la mume wako ni la haki, kwa hiyo nianze nalo. Watu wa pwani walioketi usiku kusikiliza tenzi ndefu zikighaniwa walijua tangu ubeti wa kwanza nani angeshinda na nani angeuawa. Hawakuja kupokea habari. Walikuja kusikia namna kisa kinavyosemwa, na aliyekisikia mara nyingi zaidi ndiye aliyekuwa msikilizaji mwepesi wa kugundua pale mghani alipokosea au alipopita kiasi kwa uzuri. Filamu hizi tatu, kwa maoni yangu, zinastahili kurudiwa kwa sababu waliozitengeneza walimfikiria mtazamaji wa aina yako, yaani yule atakayerudi akitafuta alichokikosa, na wakamwekea vitu vya kutafuta.

Tuangalie mavazi ya vita, kwa mfano. Karakana ya Wētā Workshop iliyoko Wellington, New Zealand, chini ya Richard Taylor, iliunganisha kwa mkono zaidi ya pete milioni 12 za plastiki ili kupata deraya za askari, wakiwemo wale wa safu za nyuma ambao mtazamaji huwaona kwa kupepesa jicho. Panga za wahusika wakuu zilifuliwa na mhunzi halisi, Peter Lyon. Marehemu Bernard Hill, aliyeigiza Mfalme Théoden, alisimulia kwamba hata upande wa ndani wa vazi lake la vita, ule uliogusana na kifua chake na ambao kamera isingeweza kuuona, ngozi ilikuwa imenakshiwa. Fundi aliyetia nakshi ile hakuwa akimfanyia kazi mtazamaji wa mara moja; alitaka mwigizaji anapolivaa vazi hilo ajione kuwa mfalme, ili ufalme huo uonekane katika namna anavyosimama.

Kijiji cha Wahobiti kilijengwa katika shamba la kondoo karibu na mji mdogo wa Matamata, katika Kisiwa cha Kaskazini cha New Zealand. Wanajeshi wa nchi hiyo walisaidia kutengeneza barabara ya kuingilia, na bustani za maua na mboga zilipandwa karibu mwaka mzima kabla ya kamera kufika, ili zionekane kuwa ni bustani za watu wanaoishi hapo, wanaopalilia na kuvuna. Wachoraji Alan Lee na John Howe, ambao walikuwa wametumia miaka mingi kuchora picha za vitabu vya Tolkien, mwandishi wa hadithi hii, kabla filamu hizi hazijafikiriwa, waliitwa New Zealand kubuni milango, nguzo na ngome. Upigaji picha wa filamu zote tatu kwa pamoja ulianza Oktoba 11, 1999 na kumalizika Desemba 22, 2000, na hata baada ya hapo waigizaji waliitwa tena kila mwaka kuongezea vipande vilivyokosekana. Kuna jambo moja ambalo huwaambia wote wanaoniuliza kuhusu filamu hizi. Februari 29, 2004, The Return of the King, filamu ya tatu, ilitwaa tuzo zote 11 za Oscar ilizoteuliwa kuwania, ikiwemo ile ya filamu bora ya mwaka. Baada ya tuzo hizo, mwongozaji Peter Jackson alikuwa bado anapiga picha za mafuvu yakiporomoka, kwa ajili ya toleo refu la filamu hiyo hiyo iliyokwisha kutuzwa. Hakukuwa na mtu wa kumlaumu kama angeiacha kazi ilivyo.

Lakini kama ningeruhusiwa kukupa jambo moja tu la kufanya Desemba ijayo, ningekuomba usikilize zaidi kuliko unavyotazama. Muziki wa Howard Shore ndio utajiri mkubwa wa filamu hizi, na wengi wetu huupita kwa sababu macho yana kazi nyingi. Kila jamii na kila mahali pana wimbo wake, na nyimbo hizo hukua, huchanganyika na huumia pamoja na watu wanaoumiliki. Nchi ya Wahobiti ina filimbi na fidla za kijijini. Rohan, nchi ya wapanda farasi, husikika kwa fidla ya Kinorwe iitwayo Hardanger, ambayo chini ya nyuzi zinazopigwa ina nyuzi nyingine zinazovuma zenyewe, na ndiyo maana sauti yake ina upweke wa uwanda ulio wazi. Isengard, mahali pa mchawi mwovu Saruman na tanuri zake, ina mapigo matano mahali ambapo sikio linategemea manne, na vyuma vinagongwa juu yake, hivyo msikilizaji hujihisi anasukumwa bila kupewa nafasi ya kuvuta pumzi. Wimbo wa wale tisa wanaosafiri pamoja kwenda kuiangamiza pete huundwa kidogo kidogo, hukamilika wanapokuwa wamekamilika, na baada ya mchawi Gandalf kuanguka katika mapango ya Moria mara nyingi hurudi vipande vipande. Tega sikio pia kwenye baraza la Elrond katika filamu ya kwanza. Boromir anapoizungumzia nchi yake ya Gondor, ala moja ya kupulizwa inapiga taratibu wimbo ambao mtazamaji wa mara ya kwanza hawezi kuutambua, kwa sababu ni katika filamu ya tatu ndipo utakapopigwa kwa nguvu zote za okestra. Hapo mtunzi amemwekea akiba mtu anayerudia. Wewe unaweza kuichukua; aliyetazama mara moja hawezi.

Kuhusu utoto, waeleze mawifi zako habari za Sir Christopher Lee. Alipoigiza Saruman alikuwa amekaribia umri wa miaka 80, alikuwa ametumikia jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na alikuwa na mazoea ya kukisoma kitabu cha The Lord of the Rings kila mwaka. Miongoni mwa waigizaji wote wa filamu hizo ni yeye peke yake aliyewahi kukutana na J. R. R. Tolkien ana kwa ana. Mashabiki wanaomkumbuka mwandishi huyo nao hawajifichi: Chama cha Tolkien, kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1969, huwaalika wapenzi wake kila Januari 3, siku aliyozaliwa mwaka 1892 mjini Bloemfontein, Afrika Kusini, wanyanyue glasi zao saa 3 usiku kwa saa za mahali walipo, na kila Machi 25, tarehe ambayo katika hadithi mnara wa Sauron, adui mkuu, ulianguka, watu husoma kurasa za vitabu vyake kwa sauti. Wanaofanya hivyo ni wahadhiri, wauguzi, mafundi na wastaafu.

Swali lako la mazoea unaweza kulipima mwenyewe. Desemba ikipita na hukuona wala kusikia jambo lolote jipya, pumzika mwaka mmoja, kisha urudi. Ramani iache ukutani, maana wanafunzi wanaokutembelea watauliza maswali juu yake. Na mume wako mkaribishe kwa kipande kimoja tu, kile cha mioto ya ishara inayowashwa kutoka kilele hadi kilele hadi Rohan ipate habari kwamba Gondor inaomba msaada. Hakihitaji maelezo marefu, hakina mazungumzo mengi, na muziki wake unafanya kazi yote ya kumvuta mtu asiyejua kilichotangulia.

SWALI

Mhariri, mimi nimezitazama filamu hizi mara nyingi na kuna jambo linanisumbua. Elijah Wood ni mtu mzima wa kimo cha kawaida, lakini akiwa Frodo, Mhobiti anayeibeba pete, anafika kiunoni mwa Gandalf, na sioni mahali palipounganishwa. Je, ni kompyuta tu?

*Msomaji, Nairobi*

JIBU

Kompyuta imetumika, lakini sehemu kubwa ni ujanja wa zamani uliofanywa kwa uangalifu mkubwa. Katika kigari kinachoingia kijijini mwanzoni mwa filamu ya kwanza, Frodo na Gandalf wanaonekana wameketi bega kwa bega, ilhali Elijah Wood yuko nyuma ya Ian McKellen kwa umbali ambao kamera haiwezi kuutambua, kwa kuwa imewekwa mahali pamoja maalumu. Kwa kawaida ujanja huo huvunjika kamera inaposogea. Timu ya Jackson ilipata njia ya kusogeza sehemu ya meza na kiti cha mwigizaji mmoja kwa wakati ule ule kamera inaposogea, ndiyo sababu hujaona palipounganishwa. Nyumba ya Bilbo, jamaa mzee wa Frodo, nayo ilijengwa mara mbili, moja kubwa ya kuwafanya waigizaji waonekane wadogo, na nyingine ndogo ambamo Gandalf anagonga kichwa darini.

Njia ya tatu inakuhusu wewe wa Nairobi zaidi kuliko unavyodhani. Katika picha nyingi ambazo Mhobiti anaonekana kwa mbali au kwa mgongo akiwa karibu na mtu mrefu, unayemwona ni Kiran Shah, mwigizaji na mchezaji wa matukio ya hatari mwenye kimo cha sentimita 126 hivi, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1956 na kuishi Kenya utotoni kabla familia yake kuhamia India. Baadaye alifanya kazi zake Uingereza, na kitabu cha Guinness kimemtambua kuwa mchezaji mfupi kuliko wote anayefanya kazi hiyo ya hatari kitaalamu. Uso wake hauonekani, na mashabiki wengi hawalijui jina lake, jambo ambalo naona ni dhuluma kwa mtu aliyejifunza mwendo wa Frodo, namna anavyogeuka na namna anavyobeba mzigo, mpaka tusiweze kuwatofautisha. Ukirudia filamu ya kwanza, jaribu kumtafuta. Utamheshimu.

SWALI

Ndugu Mjibu Maswali, kaka yangu mkubwa alikisoma kitabu kabla ya kutazama filamu, nami nilianza na filamu. Tangu hapo hatujapatana. Yeye anasema Jackson alimsaliti mwandishi, na kwamba shabiki wa filamu hawezi kujiita shabiki wa Tolkien. Anataja Tom Bombadil aliyeachwa, Faramir aliyebadilishwa na vita vilivyorefushwa. Nimsikilize au nishikilie yangu?

*Mdogo mtu, Arusha*

JIBU

Kijana wangu, msikilize kaka yako, kwa sababu katika mambo hayo matatu yuko sahihi kabisa katika moja, na si jambo dogo.

Faramir wa kitabuni anapogundua kwamba Frodo amebeba pete, anaikataa pale pale, na ukuu wake wote umo katika kukataa huko, kwa sababu kaka yake Boromir alishindwa. Katika filamu anamchukua Frodo na kumpeleka hadi Osgiliath kabla ya kubadili nia. Waandishi wa filamu, yaani Jackson, Fran Walsh na Philippa Boyens pamoja na Stephen Sinclair aliyeshiriki katika sehemu ya pili, wameeleza kwamba baada ya kuitangaza pete kuwa kishawishi kisichoshindika wasingeweza kumleta mtu asiyetikiswa nayo hata kidogo. Naielewa hoja hiyo na bado siikubali. Hadithi ilimhitaji mtu mmoja wa kawaida, asiye mchawi wala mzee wa karne nyingi, ambaye anaona vizuri mara moja na kutenda vizuri mara moja. Toleo refu linamrudishia Faramir heshima kidogo kwa kutuonyesha baba yake Denethor anavyombagua mbele ya Boromir, lakini deni halikulipwa lote.

Kwa Tom Bombadil siungani naye. Sura zake ni nzuri kuzisoma, lakini pete haina nguvu yoyote juu yake, na filamu ambayo katika saa yake ya kwanza inajitahidi kumfanya mtazamaji aiogope pete ingejikata miguu kwa kumleta mtu anayeichezea. Na kuna mahali ambapo naamini filamu imepata kilicho bora zaidi kwa jukwaa lake: kifo cha Boromir, ambacho katika kitabu kiko mwanzoni mwa sehemu ya pili, The Two Towers, kimesogezwa mpaka mwishoni mwa filamu ya kwanza. Filamu ambayo ingekatika katikati ya safari imepata mwisho wake halisi, na mtu tuliyemshuku kwa saa mbili anakufa akiwa tumemsamehe.

Kuhusu vita, kaka yako ana shahidi mkubwa kuliko anavyojua. Mwaka 1958 Tolkien mwenyewe alipitia muhtasari wa filamu iliyokusudiwa kutengenezwa wakati huo, akaukosoa kipande kwa kipande katika barua. Katika barua hiyo alisema kwamba ikiwa nafasi haitoshi kwa Waenti, wale wachungaji wa miti, na kwa vita vya Helm's Deep pamoja, basi kinachopaswa kuachwa ni vita, kwa kuwa si kiini cha hadithi. Jackson alifanya kinyume: alivipiga picha vita hivyo kwa miezi kadhaa ya usiku, katika machimbo ya mawe karibu na Wellington, akavifanya kilele cha filamu ya pili. Christopher Tolkien, mwana wa mwandishi aliyetumia maisha yake kuhariri maandishi ya baba yake, aliliambia gazeti la Le Monde mwaka 2012 kwamba filamu zimekitoa kitabu utumbo na kukigeuza kuwa mchezo wa mapigano kwa vijana. Maneno hayo yanauma, na shabiki mkweli wa filamu hana budi kuyasikia hadi mwisho.

Nami nimeyasikia, na bado nasema kwamba filamu zilishika jambo lililo zito zaidi kitabuni. Frodo hafaulu. Amefika ukingoni mwa moto, baada ya mateso yote, na anakataa kuiachia pete. Dunia inaokolewa kwa sababu huko nyuma Bilbo, Frodo na rafiki yake Sam, kila mmoja kwa wakati wake, walimhurumia Gollum, kiumbe aliyetawaliwa na tamaa ya pete, na kumwacha hai, naye ndiye anayeinyakua na kuanguka nayo motoni. Studio yoyote ingependa shujaa ashinde kwa mkono wake. Jackson na wenzake walihifadhi kushindwa kwake, wakahifadhi pia jeraha lisilopona na safari ya merikebu inayomwondoa kwao, ingawa watazamaji wengi walilalamika kwamba filamu ya tatu ina miisho mingi. Mwambie kaka yako mwanzie hapo mazungumzo yenu yajayo, kisha umwazime filamu naye akuazime kitabu. Anza na sura ya Faramir.

SWALI

Bwana Mhariri, binti yangu ana miaka 12 na mdogo wake wa kiume ana miaka 9, nao wananiomba tuzitazame filamu hizi pamoja wakati wa likizo. Nianze na toleo lipi, na je, zinawafaa?

*Baba wawili, Mombasa*

JIBU

Ndugu yangu, anza na toleo la sinema, kwa mpangilio zilivyotoka: 2001, 2002 na 2003. Zina dakika 178, 179 na 201, na mtoto wa miaka 9 atazimudu mkigawa kila moja kwa siku mbili. Katika filamu ya kwanza pa kusimama ni pale Frodo anapojitolea kuibeba pete barazani. Matoleo marefu yaacheni hadi watakapoomba wenyewe kujua zaidi, na mtakapoyachukua usishtushwe na muda ulioandikwa kwenye kasha, kwa maana sehemu yake ni majina ya wanachama wa klabu rasmi ya mashabiki, yaliyowekwa mwishoni baada ya majina ya watengenezaji na yanayopita kwa dakika nyingi.

Usianze na zile tatu za The Hobbit zilizotoka kati ya 2012 na 2014, ingawa kisa chake kinatangulia. Zinawategemea watazamaji wanaoijua pete tayari, na zinawaonjesha watoto mapigano mengi kabla hawajapata sababu ya kuwajali wanaopigana.

Filamu za The Lord of the Rings ziliwekwa Marekani katika daraja linalowataka wazazi wawe waangalifu kwa walio chini ya miaka 13, nami nalikubali daraja hilo. Binti yako ataziweza. Kwa mdogo wake kaa karibu naye katika mapango ya Moria, na katika filamu ya tatu uwe tayari kwa pango la buibui Shelob, ambalo limewatisha hata watu wazima. Mkiliruka, mweleze tu kwamba Frodo amechomwa sumu na Sam amedhani amekufa, naye ataendelea kufuatilia bila kupotea.